Utenzi ukiusoma kimya unasinzia, ukighanwa watu wanafuta machozi. Kinachoongezeka hapo ni nini?

#1 Mwanamizani
Wakuu salama. Nina hoja naitupa hapa mnichambue. Mashairi yetu ya zamani, naongelea tendi na yale ya vina na mizani, hayakutungwa yasomwe kimya na mtu mmoja kajiinamia kwenye dawati. Yalitungwa kwa ajili ya sikio. Sisi tumeyachukua tukayabana kwenye kitabu cha sekondari, tunahesabu silabi kwa vidole, tunajaza "dhamira kuu ni mapenzi na utiifu", alafu tunashangaa vijana wanasema ushairi unachosha. Chukua utenzi wowote wa Pate au Lamu usome kwa macho beti kadhaa, utaona maneno yamegeuzwa nyuma mbele, vina vinajirudia, unaanza kupiga miayo. Kisha tafuta klipu ya mtu anayejua kughani aughani huo huo. Ni kitu kingine kabisa. Sasa swali langu, kinachoongezeka ni nini? Ni koo la mghani, ni mahadhi, ni watu mliokaa nao, au shairi lilikuwa halijakamilika kwenye karatasi? Nawasilisha.

#2 Kobe_wa_Buza
Nimepiga kambi nasubiri wajuzi. Ila mkuu "dhamira kuu ni mapenzi na utiifu" umenikumbusha mbali sana 😂

#3 Mtu_wa_Korogwe
Nabisha kwa nguvu zote. Ukiweka mahadhi mazuri hata orodha ya bei za nyanya sokoni itamliza mtu. Kuna kasida za Kiarabu nimewahi kutoa machozi nazo na sielewi hata neno moja, sasa hapo nililizwa na fasihi au nililizwa na sauti? Mahadhi yanaficha udhaifu, ubeti mbovu ukipewa mtu mwenye koo tamu unapita na watu wanatuza hela. Kwenye karatasi hakuna wa kukubembeleza, ubeti ukiwa mbovu unaonekana mbovu. Mimi nasema karatasi ndo mzani wa haki.

#4 Bint_Amu
Assalam aleikum. Nyote mwaanza na karatasi kama kwamba ndiyo asili. Mimi kwetu Lamu, nyanya yangu hajui kusoma herufi hizi za kizungu, lakini ule utenzi wa Mwana Kupona (ulitungwa 1858, mama yu mgonjwa anamuusia bintiye) anao kichwani mwote, na hakuupata kwa kukaa darasani, aliupata kwa kusikiza wanawake wenzake. Na kitu msichokijua nyinyi wa vitabu ni kuwa kusikiza kwenyewe si kunyamaza. Mghani akifika pale pa kumtunza mume, amsinge, ampepee, amsubiri, wale wamama wazee wataguna, mmoja atasema "yakhe, huyo mume yuko wapi siku hizi", wengine watacheka, kuna mmoja atanyamaza kabisa na kila mtu ajua kwa nini anyamaza. Mtu wa kusoma kimya anaona mahubiri tu. Na ndiyo nimesoma wasomi wakigombana kwenye makala zao kama yule bibi alimaanisha au alikuwa akifanya kejeli. Wangekaa ukumbini na wale wamama wangejua kuwa yote mawili yawezekana usiku mmoja.

#5 Fundi_Redio
Bint_Amu shukrani. Kwahiyo Mwana Kupona alikuwa mtu wa Lamu sio? Sisi tuliambiwa Mombasa.

#6 Ticha_Mstaafu
#5 Mombasa hapana. Mwana Kupona binti Mshamu ni mzaliwa wa Pate, mumewe ni Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyewasumbua sana watu wa Sultani wa Unguja. Lamu ndiko alikoishia, akafariki miaka michache tu baada ya kuutunga huo utenzi.

Nirudi kwa mleta mada. Umeuliza kinachoongezeka, mimi nauliza kilichopungua. Angalia umbo la utenzi. Ubeti una vipande vinne, kila kimoja mizani 8. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja kinachobadilika kila ubeti, cha nne kina kina chake kinachoenda vile vile toka mwanzo hadi mwisho hata kama beti ni elfu. Ukiusoma kwa macho hicho kina cha nne kinaonekana cha bure, kwa sababu jicho tayari limeona nafasi nyeupe chini ya ubeti, linajua umeisha. Sikio halina nafasi nyeupe. Msikilizaji hawezi kufunua ukurasa kurudi nyuma, kwahiyo mtunzi anamgongea kengele ile ile kila baada ya vipande vinne, ubeti umefika, pumua, twende mwingine. Hata ule mpangilio wa maneno uliogeuzwa unaosema unasinzisha, mara nyingi umefanywa ili kina kiangukie panapotakiwa. Ndiyo maana pia kuna inkisari, unalikata neno lisizidi mizani, na mazda, unalirefusha lifike.

#7 Kobe_wa_Buza
Ticha Mazda si gari?

#8 Ticha_Mstaafu
Wengine huandika mazida. Na nina hakika wewe ni mmoja wa wale niliokuwa nawatoa nje ya darasa.

#9 Seminari_ya_Zamani
Uzi mzuri. Niongeze kidogo, hii habari haiko kwetu tu. Mtakatifu Augustino kwenye Maungamo yake (mwishoni mwa karne ya 4) anasimulia alivyokuwa akimkuta Askofu Ambrosi wa Milano anasoma, macho yanapita kwenye kurasa, moyo unatafuta maana, lakini sauti na ulimi vimetulia. Anashangaa mpaka anaanza kutafuta sababu, labda anatunza koo lake lisikauke, labda anaogopa waliokaa pale watamuuliza maswali. Maana yake zamani hizo kila mtu alisoma kwa sauti, na kusoma kimya ni ugonjwa wa juzi tu.

#10 Daktari_wa_Karatasi
#9 hapo mwisho umetia chumvi. Hiyo hadithi ya Ambrosi ni ya kweli, lakini wataalamu wa Kigiriki wameshaonyesha kwamba hata kabla yake watu waliweza kusoma kimya, iko kwenye maigizo ya Wagiriki wa kale, mtu anasoma barua jukwaani bila kutamka na mwenzake anasubiri aambiwe kuna nini. Kilichokuwa kigumu ni kwamba maandishi yaliandikwa yameungana bila nafasi kati ya neno na neno, kwahiyo kutamka kulisaidia kuyatenganisha. Watawa wa Ireland na Uingereza ndo wanasifiwa kwa kuanza kuweka nafasi, karne ya 7 na 8 huko.

Alafu kwa Mtu_wa_Korogwe. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawapa hadithi zile zile, mara wasikilize mara wasome. Ramani ya maana kwenye ubongo ikatoka karibu sawa kabisa. Kwahiyo ubongo wenyewe haujali sana maana imeingilia mlango gani.

#11 Mwanamizani
Daktari hiyo tafiti yako inanisaidia au inaniua? Maana kama ni sawa basi mbona mimi nasinzia.

#12 Mtu_wa_Korogwe
Inakuua 😂. Ila na mimi nina swali nayo, walikuwa watu wangapi na hadithi za lugha gani?

#13 Daktari_wa_Karatasi
Watu 9, hadithi za Kiingereza za kusimuliwa jukwaani. Na maneno ya kusoma yalikuwa yanawatokea moja moja kwenye skrini kwa mwendo wa yule msimuliaji, sio mtu kashika kitabu kajilaza. Ushairi haukuwemo. Nimetaja ili tusidanganyane kwamba kusikiliza ni kwa wavivu, sijasema imemaliza ubishi.

#14 Lori_Tunduma
Wakuu mimi ni dereva, macho yangu yana kazi barabarani kwahiyo fasihi yangu yote inaingilia masikioni. Nimekulia michezo ya redio, Pwagu na Pwaguzi enzi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), baadae Twende na Wakati ikaja mwaka 1993, tulikuwa tunajazana kwa jirani mwenye redio na ukiongea unapigwa kofi. Siku hizi nasikiliza vitabu kwenye simu. Shida ni wasomaji. Kuna jamaa kasoma riwaya nzuri mno kwa sauti ya taarifa ya habari, mtu anakufa kwenye hadithi yeye anasoma kama anatangaza mvua kanda ya ziwa. Nimepanda Kitonga yote nikiwa na hasira. Na kuna mwingine anaigiza mpaka inakera, kila mwanamke kwenye riwaya kampa sauti ya kulia lia. Kwahiyo swali langu kwa wasomi, hapo mimi nimesoma kitabu au nimemsikiliza huyo jamaa?

#15 Mtu_wa_Korogwe
Lori_Tunduma asante kwa kunitetea bila kujua. Riwaya ni nzuri, sauti imeiharibu. Ushahidi kwamba sauti ni kitu cha kando.

#16 Mwanga_Hafifu
Hapana Mtu wa Korogwe, subiri. Mimi macho yangu yaliishia nikiwa kijana, nasoma kwa ile programu ya simu inayotamka maandishi. Hata komenti zenu hizi nazisikiliza, na Kobe hizo emoji zako zinanisomewa "uso wenye machozi ya furaha" kila mara, punguza.

Kwenye riwaya mimi napenda ile sauti ya mashine isiyo na hisia, tena naiongeza mwendo mpaka ndugu zangu wakipita wanadhani simu imeharibika. Haiigizi, hainiambii hapa cheka hapa sikitika. Namsikia mwandishi bila mtu katikati. Kwahiyo #15 anaweza kudhani namuunga mkono. Lakini iambie hiyo mashine isome shairi uone. Ile m ya mwanzo wa neno inaimeza, mtoto badala ya kuwa silabi tatu inakuwa mbili na kitu, mizani inavunjika kila mstari, kwenye kituo (kile kipande cha mwisho cha ubeti) haipumziki vya kutosha nijue ubeti umeisha. Riwaya inapona, shairi linakufa. Kama sauti ingekuwa kitu cha kando vyote viwili vingepona.

Na wanaosema vitabu vya sauti ni vya wavivu wajue vilianza kwa ajili yetu. Uingereza vilianza kutolewa kwa wasioona mwaka 1935, kwenye santuri, na sababu mojawapo ni wanajeshi waliopofuka vita ya kwanza ya dunia.

#17 Kobe_wa_Buza
Samahani mkuu Mwanga, emoji nimeacha. Wakati mnabishana nimemtungia Mtu wa Korogwe ule utenzi wake:

Nyanya ndoo imepanda
Bei yake nimekonda
Sokoni sitaki kwenda
Mfuko una upepo

Muuzaji kaninunia
Mboga naiulizia
Macho akanikazia
Nikaondoka nilipo

#18 Fundi_Redio
Hahahaha. Ila kipande cha nne ubeti wa kwanza mizani saba tu, mfu-ko-u-na-u-pe-po.

#19 Ticha_Mstaafu
Fundi umehesabu kwa macho. Tamka. M-fu-ko. Ni nane, kijana yuko sawa na nimeshangaa. Kosa lake liko ubeti wa pili kipande cha kwanza, mu-u-za-ji-ka-ni-nu-ni-a ni tisa. Weka "Muuza kaninunia", hiyo ndiyo inkisari niliyosema. Na kina cha bahari (kile cha kipande cha nne) umekitunza, po na po. Rudi ndani ukae.

#20 Mtu_wa_Korogwe
Nimeughani kimoyomoyo mahadhi ya kasida. Sijalia. Nimecheka tu. Kwahiyo mnaona?

#21 Yakhe_wa_Kuze
Na ulipoughani kimoyomoyo uliusikia kwa nini kama si kwa sikio? Mnabishana na kumbe hata mnaposoma kimya kuna mtu ndani anasoma.

Mimi nilete habari za Mombasa. Muyaka bin Haji alifariki 1840. Kitabu cha mashairi yake kimechapishwa 1940. Hapo katikati yalikuwa wapi? Kwa miaka mingi yalikuwa vichwani mwa watu. Mwalimu Sikujua ndiye aliyezunguka akiyakusanya kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akishirikiana na yule mmisionari Taylor. Sasa fikirini, kabla hayajaandikwa, sikio lilikuwa likichuja. Ubeti uliokuwa mzito kutamka, usiokaa ulimini, watu waliuacha njiani. Tulichobakiwa nacho ni kile watu walichopenda kukisema tena. Mtu wa Korogwe asema karatasi ndiyo mzani wa haki, kwetu karatasi imekuja mwisho kabisa kupokea kilichokwisha pimwa.

#22 Daktari_wa_Karatasi
Yakhe hoja tamu ila ina tobo. Kwa Muyaka sawa, kwa tendi si hivyo. Tendi kubwa za kaskazini ziliandikwa toka zamani kwa herufi za Kiarabu, ule wa Herakali upo kwenye maandishi ya 1728. Ziliandikwa, zikanakiliwa, ndo zikaghaniwa. Kwahiyo karatasi ilikuwepo mapema sana, huwezi kuifanya mgeni.

#23 Yakhe_wa_Kuze
Herufi za Kiarabu hizo unazijua lakini? Alama za irabu ni tatu na Kiswahili kina irabu tano, kwahiyo e na i zagawana alama, o na u zagawana. Wanakili wengi wa zamani hawakuandika ile n au m iliyoko kabla ya herufi nyingine, mbele wakaiandika bele, p na b zikawa moja. Mtu ambaye hajapata kuusikia utenzi ule hawezi kuusoma sawasawa, atakwama. Aliyekwisha kuusikia ndiye alama zile zamkumbusha. Karatasi ilikuwapo ndiyo, lakini ilikuwa ni ya kumtumikia sikio.

#24 Bint_Amu
Yakhe umesema. Na msidhani ni mambo ya 1728 tu. Miaka ya 70 uchaguzi wa ubunge Lamu, wafuasi wa wagombea walirushiana mashairi yaliyoitwa Kimondo, yakarekodiwa kwenye kaseti yakapigwa madukani na vibarazani. Matusi ya heshima na mafumbo, ukipita mtaani wasikia jibu la jana. Mpaka hivi leo mtu kama Ustadh Mahmoud Mau tungo zake watu wamezijua kwa kanda na sasa kwa WhatsApp, wengi hawajawahi kuziona zimeandikwa. Na mara nyingi mtunzi siye mghani, anatunga mmoja anapewa mwenye sauti.

#25 Mtu_wa_Korogwe
"Anapewa mwenye sauti". Kwa nini apewe mwenye sauti kama maneno yanatosha? Si nilisema.

#26 Bint_Amu
Kwa sababu hayatoshi. Nawe wasema hayo hayo ila wayaona ni aibu, mimi sioni aibu.

#27 Chipukizi_Mbagala
Wazee nyie hamjasema kitu kuhusu hip hop. Sisi tunachana mitindo huru mtaani, mtu hana daftari, anadakia biti, vina vinakuja vyenyewe. Hakuna karatasi kabisa hapo, sikio tupu. Mtu akikuandikia mistari yake kwenye komenti unaona kawaida tu, akiidondosha juu ya biti mtaa unasimama.

#28 Daktari_wa_Karatasi
Chipukizi uko jirani na jambo kubwa. Miaka ya 1930 Mmarekani Milman Parry alienda Yugoslavia na mashine ya kurekodi kwenye sahani za alumini, akamkuta mzee Avdo Međedović, mchinja nyama asiyejua kusoma, mwaka 1935 akamwimbia utenzi mmoja wa mistari zaidi ya 12,000. Hakuwa amekariri neno kwa neno, alikuwa anautunga akiimba kwa kutumia vifungu vilivyo tayari kichwani. Ndo ikatoka ile nadharia kwamba hata tendi za Homer, yule mshairi wa Wagiriki wa kale, zilizaliwa hivyo. Ila tusichanganye, mtunzi wa Lamu alikaa na wino. Mtindo wenu wa kuchana uko karibu zaidi na watu wa kujibizana kwenye ngoma kuliko na Mwana Kupona.

#29 Mkerewe_Mtata
Mmejisahau wote, mnaongea kana kwamba ushairi ni vina. Kezilahabi alitoa kitabu chake cha mashairi, Kichomi, mwaka 1974 bila vina wala mizani na wakubwa wakapiga kelele kwamba huo si ushairi wa Kiswahili. Hoja yao kubwa ilikuwa hii hii yenu, haiimbiki. Mimi nauliza, kwani kuongea sio sauti? Yeye alisema anataka lugha ya watu wanavyozungumza kila siku. Msome kwa sauti, taratibu, pale anapokata mstari ndipo mtu anapokata pumzi akiwa na jambo zito. Hilo nalo ni la sikio, sikio la mazungumzo, sio la mahadhi.

#30 Ticha_Mstaafu
Mkerewe, mstari aliokata yeye nikikusomea umefumba macho huwezi kujua kaukata wapi. Jaribu na mtu. Mashairi huru mengi yamekatwa kwa ajili ya jicho. Siyasemi kwa ubaya, ninayapenda baadhi.

#31 Mkerewe_Mtata
Ticha inategemea msomaji. Umerudi kule kule kwa mghani.

#32 Mwanga_Hafifu
Mimi ndiye mtu wa kufumba macho sasa. Mashine yangu mwisho wa mstari inashusha sauti kidogo, mahali pasipo na nukta wala mkato. Kwahiyo mashairi huru nayasikia yalipokatwa vizuri kabisa, kuliko hata tendi. Ajabu lakini ndivyo ilivyo.

#33 Lori_Tunduma
Kwahiyo roboti inajua Kichomi haijui Mwana Kupona. Nchi hii.

#34 Fundi_Redio
Nina swali nje kidogo ya mada, riwaya zenye tanakali za sauti, chubwi, pwaa, kacha, mnazisomaje kimya? Mimi nikifika hapo midomo inacheza yenyewe hata nikiwa kwenye daladala, juzi abiria wa pembeni kanigeukia.

#35 Mtu_wa_Korogwe
Mimi naziruka.

#36 Bint_Amu
Si ajabu.

#37 Lori_Tunduma
Yule jamaa wangu wa taarifa ya habari alifika pa mtoto kutumbukia kisimani akasoma "chubwi" kama anasoma namba ya gari. Mwanga, hebu niambie hiyo programu yako unaipunguzaje mwendo, nataka niijaribu safari ya wiki ijayo niachane na huyu bwana.

#38 Mwanga_Hafifu
Ingia mipangilio, ufikivu, utaona sehemu ya maandishi kuwa matamshi, kuna mstari wa kuvuta. Pakua sauti ya Kiswahili kabla hujatoka maana huko njiani mtandao ukikata itakusomea Kiswahili kwa lafudhi ya kizungu, na hapo utatamani hata yule bwana wako.